Shemeji Yangu Wiebren Alivyopanda Mlima Peke Yake

Dada yangu Jeltje ameolewa na mkaguzi wa bembea. Watu wakisikia hivyo hudhani natania, lakini kazi hiyo ipo, ina mshahara na ina pensheni. Kila asubuhi Wiebren huingia kwenye gari dogo jeupe la manispaa, akazunguka vijiji vyetu vya Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, kupima vifaa vya michezo vya watoto. Ana kidole cha chuma, kifaa cha kazi, ambacho hukiingiza kwenye kila upenyo kuona kama kidole cha mtoto kinaweza kukwama. Huvuta minyororo. Hupiga magoti chini ya mtelezo akanusa kutu. Kifaa kisichomridhisha hukizungushia utepe mwekundu na mweupe, na watoto hubaki nje ya utepe wakimtazama kama mtu aliyemfunga Mtakatifu Nikolasi, mleta zawadi wao, gerezani. Katika maisha yake amefunga mitelezo mingi kuliko aliyoteleza.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa hayo hayo. Binti zake wawili, Froukje na Hiske, walikua wakivaa kofia ngumu hata kwenye baiskeli ya magurudumu matatu. Zabibu zilikatwa katikati mpaka wasichana walipoanza shule. Mshumaa wa keki ya sikukuu ya kuzaliwa uliwashwa kukiwa na ndoo ya maji pembeni. Mama yetu, kabla hajafariki, alikuwa akisema, "Wiebren ni mtu wa tahadhari," na ukiwa umemjua mama ungeelewa kwamba hakuwa anamsifu.

Basi mtu huyo, alipotimiza miaka hamsini, alinunua pikipiki.

Wala haikuwa pikipiki ya kwendea dukani. Lilikuwa dude refu kama ndama wa mwaka mmoja, lenye masanduku ya alumini ubavuni, taa sita mbele, na bamba la chuma chini ya tumbo la kukinga injini dhidi ya mawe ya jangwani. Jangwani! Nchi yetu imelala chini kama mkeka. Kilima chetu kikubwa ni tuta la kuzuia bahari, na juu yake wanalala kondoo.

Jeltje alitoka nje na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Ya nani hii?"

"Yangu."

"Ya kufanyia nini?"

Wiebren alitazama mbali, juu ya paa la banda la jirani. "Nataka kujitafuta, Jeltje."

"Kwani ulipotelea wapi?"

Mtu anayejitafuta hana muda wa maswali madogo madogo.

Akajiunga na chama cha waendesha pikipiki kiitwacho Upepo wa Kaskazini. Ukisikia jina hilo utadhani ni majambazi. Ni daktari wa meno, muuza miwani, wastaafu wawili wa benki na kinyozi mmoja. Kila Jumamosi huvaa vizibao vya ngozi vyenye nembo ya mbwa mwitu mgongoni, huunguruma hadi mgahawa wa chapati tamu ulio vijiji vitano kutoka hapa, hula chapati, hulinganisha dawa za shinikizo la damu, kisha huunguruma kurudi nyumbani kabla mvua haijanyesha. Wiebren alijifunza haraka. Alijifunza kuwasalimu waendeshaji wengine kwa vidole viwili vilivyoelekezwa chini. Alijifunza kutembea ametanua miguu kama kijana aliyetoka jandoni jana. Aliacha ndevu zikue, zikaota upande mmoja zaidi ya mwingine.

Chama hicho kina desturi: kila mwaka majani yanapoanza kupukutika, mwanachama mmoja husimama mbele ya wenzake na wake zao akaonyesha picha za safari yake kuu. Mwaka ule zamu ilimwangukia Wiebren, na safari kuu hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni likizo ya familia, ambayo Jeltje alikuwa ameshaipanga tangu majira ya baridi: kambi moja ya karavani, zile nyumba ndogo za magurudumu zinazovutwa na gari, kando ya ziwa kule Austria, wasichana waogelee.

"Nimepata wazo," Wiebren akatangaza mezani. "Mimi nitatangulia na pikipiki. Nyinyi mtafuata na karavani. Tutapitia juu ya mlima kwanza, halafu ndiyo tushuke ziwani."

"Karavani ataivuta nani?" Jeltje aliuliza.

"Wewe."

"Sijawahi kuvuta karavani maisha yangu yote."

"Utazoea," alisema mtu aliyekuwa akikata zabibu katikati.

Mimi nilikuwemo katika safari hiyo kwa bahati mbaya. Mke wangu alikuwa amenifukuza, nikawa nalala kwenye chumba cha darini kwa dada yangu, na juu ya hayo nilikuwa nimeteleza kwenye kiwanda cha maziwa nikavunjika mkono wa kulia. Mtu mwenye plasta hadi kwenye kiwiko hawezi kuendesha gari wala kubaki peke yake na kopo la maharage. Wakanichukua nikae mbele, nishike ramani.

Karavani ilijazwa hadi mlango ukalalamika. Viazi vyetu, jibini yetu, chokoleti ya punje ya kunyunyizia mkate, maana sisi hatuamini kwamba nchi nyingine zina chakula. Kisha vikaja vitu vya Wiebren: tairi mbili za akiba, galoni ya oili, sanduku la spana, suti nzito ya baridi, na mto wake wa shingo. Na yale masanduku ya alumini ubavuni mwa pikipiki? Moja lilikuwa na chupa ya chai. Lingine lilikuwa tupu. Alisema mzigo unaharibu uwiano.

Sasa nieleze kuhusu kofia yake. Ndani ya kofia mlikuwa na kipaza sauti na spika ndogo, vimeunganishwa na simu yake. Alimpigia Jeltje wakati wa kuondoka, na sauti yake ikawa inatoka kwenye spika za gari letu siku nzima, Ujerumani yote.

"Jeltje, mwendo. Jeltje, mstari. Jeltje, lori kulia kwako. Jeltje, umeliona lori? Mbona hujibu?"

"Nimeliona, Wiebren. Lina ukubwa wa kanisa."

Wasichana wakaibatiza Redio Baba. Froukje, aliyekuwa na miaka kumi na sita na ulimi wa mama yetu, alisoma matangazo ya biashara kila Wiebren alipopumzika kuvuta pumzi.

Kila tuliposimama, Wiebren alipiga picha. Pikipiki na vilima. Pikipiki na mnara wa kanisa. Pikipiki, na yeye amekunja mikono, anatazama upeo wa macho. Mara moja alimpungia mkono dada yangu, aliyekuwa ameegesha kwa taabu kubwa na jasho likimtoka.

"Sogeza karavani kidogo, Jeltje. Inaingia kwenye picha."

Akaisogeza. Niliona alivyoushika usukani, lakini nikajitia hamnazo. Mgeni wa dari hana kauli.

Siku ya tatu asubuhi tukafika chini ya mlima. Barabara ilianza kupinda, hewa ikawa na harufu ya misonobari, na mbele yetu mgongo wa Wiebren ulionekana umenyooka kama mgongo wa mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

"Kuanzia hapa nahitaji utulivu," sauti ikasema kwenye spika. "Nakata simu. Nifuateni tu."

Tukasikia *tiki*. Kisha tukasikia anapumua.

Kitufe cha kofia kile, ukikibonyeza kwa muda mrefu, simu inakatika. Ukikigusa kidogo tu, hasa kwa glovu nene, unaziba sikio lako lakini mdomo unabaki wazi. Wiebren alikuwa ameziba sikio.

"Wiebren, bado tunakusikia," dada yangu akasema.

Wiebren akaanza kuimba. Wasichana wakashika matumbo yao. Wimbo ukaisha, akakohoa, akasafisha koo, na kwa sauti nyingine kabisa, nzito, ya mtu aliyekula changarawe, akasema:

"Mabibi na mabwana... Hapana. Wenzangu wa barabara. Hiyo ni nzuri. Wenzangu wa barabara, usiku huu nitawapeleka mahali ambapo mtu hubaki na nafsi yake tu."

"Anaongea na nani?" akauliza Hiske.

"Na daktari wa meno," Froukje akajibu. "Anafanya mazoezi ya hotuba."

"Nilikuwa peke yangu," spika ikaendelea. "Siku kumi. Mimi, mashine, na mlima. Nilikula nilichokipata. Nililala pale nilipochokea."

Asubuhi ile alikuwa amekula mayai mawili aliyochemshiwa na dada yangu, akalalamika kwamba la pili ni gumu.

"Sasa mtaniuliza, na mke wako je?" Akacheka kicheko kidogo, kile cha kuwapa nafasi wasikilizaji nao wacheke. "Jeltje alibaki nyumbani. Msinielewe vibaya, Jeltje ni mwanamke mwema. Lakini ni wa aina ya waoga. Ni kama ile mikeka ya mpira tunayotandika chini ya bembea. Laini, salama, na hujawahi kuona mtu akisimama kuitazama."

Ndani ya gari hapakuwa tena na mtu anayecheka.

"Hapana, ngoja," sauti ikasema, sasa kwa furaha ya fundi aliyeona namna ya kung'arisha kazi yake. "Hujawahi kuona mtoto akiukimbilia mkeka. Ndiyo. Hiyo ndiyo nzuri zaidi. Hujawahi kuona mtoto... akiukimbilia... mkeka."

Akairudia mara nyingine, akitafuta pa kuweka nukta.

Nilimtazama dada yangu. Nilitarajia machozi, au tusi, kwa maana Kifrisia, lugha yetu, kina matusi mazuri ya kizizini na sote wawili tulilelewa kizizini. Hakutoa hata moja. Alikuwa akiitazama njia, midomo imefungwa, na shingo yake imekuwa nyekundu kutoka chini kwenda juu, polepole.

Mbele kulikuwa na njia panda. Kushoto ni juu ya mlima. Kulia ni bondeni, ziwani. Taa ya nyuma ya pikipiki ikapinda kushoto, ikapotea nyuma ya mwamba. Jeltje akasimama panapotakiwa kusimama. Akawasha indiketa. Akamsubiri mzee mmoja wa trekta apite, akamwinulia mkono wa heshima. Kisha akakata kulia.

"Mama," akasema Hiske, "Baba ameenda kule."

"Nimemwona."

"Sisi tunaenda wapi?"

"Kuogelea."

Redio iliendelea kwa muda. Hotuba ilikatika ghafla, maana zilianza kona zenyewe, zile zinazogeuka kama kipini cha nywele, upande mmoja ukuta na upande mwingine hewa. Tukasikia pumzi fupi fupi. Tukasikia, "Polepole, polepole, usitazame chini." Tukasikia honi ya basi. Halafu shemeji yangu, ambaye hajakanyaga kanisani tangu siku ya ndoa yake, akaanza Baba Yetu. Alipofika kwenye mkate wa kila siku akapotea njia, akairudia tangu mwanzo. Froukje alicheka mpaka akalia, kisha ikawa hatujui tena anafanya lipi.

Jeltje akanyoosha mkono akazima.

"Sala ni ya mtu mwenyewe," akasema.

Kambi ilikuwa nzuri. Wanaume kadhaa walisimama na vikombe vyao vya kahawa kumwangalia mwanamke akirudisha karavani kinyumenyume, na dada yangu aliwapa burudani: mara ya kwanza aligonga ua, mara ya pili akapanda juu ya bomba la maji, mara ya tatu ikaingia. Akashuka, akatembea moja kwa moja hadi majini, akaingia na suruali yake na blauzi yake mpaka maji yakafika kidevuni. Wasichana wakamfuata wakipiga kelele. Mimi nilikaa ukingoni na plasta yangu kama jogoo aliyevunjika bawa.

Alipotoka nikamwuliza, "Utamwambia nini akija?"

"Yeye ndiye mwenye hotuba," akasema, akakamua blauzi yake.

Yaliyompata Wiebren huko juu aliniambia mwenyewe baadaye, baada ya glasi kadhaa za pombe yetu ya mitishamba, na hayo ambayo hakuniambia niliyapata kwa polisi.

Alifika kileleni. Kulikuwa na mgahawa, na mbele yake zimepangwa pikipiki kama farasi mbele ya baa. Alitaka kuegesha kwa mikogo. Mguu wake ulikanyaga changarawe, dude likalala chini polepole, na yeye chini yake. Walioliinua ni wazee wa basi la safari ya kanisa, wanawake wengi wao, wakihesabu moja, mbili, tatu kwa Kijerumani. Akasubiri karavani. Kulikuwa na upepo wa barafu na suti yake ya baridi ilikuwa ndani ya karavani hiyo. Akatoa simu ampigie Jeltje, kumbe simu ilikuwa imekufa. Ilikuwa imetumika asubuhi nzima kurusha matangazo. Namba ya mkewe kichwani hakuwa nayo.

Mwanzoni alikasirika. Baada ya supu ya pili, hasira ikaanza kunywea, na mahali pake pakaingia kitu kingine. Alizikumbuka zile kona. Alikumbuka kwamba yeye mwenyewe nusura zimmeze, na nyuma yake alikuwa mwanamke ambaye hajawahi kuvuta karavani, ndani ya gari lenye watoto wake wote aliowahi kuzaa.

Akashuka mlima ule na pikipiki kwa mwendo wa mtu anayetembea, akisimama katika kila kona, akichungulia chini ya kizuizi cha chuma, akiita "Jeltje!" ndani ya korongo. Magari yalimpigia honi. Hakukuwa na mtu wa kumpiga picha.

Bondeni alikimbilia kituo cha polisi. Zamu ilikuwa ya bwana mmoja mnene aliyekuwa akila mkate na soseji, na mazungumzo yao bwana huyo alitusimulia kesho yake alipopita kambini, nadhani kwa kutaka tu kutuona kwa macho yake.

"Gari la rangi gani?"

"Kijivu. Au buluu. Ile iliyo katikati."

"Namba?"

Wiebren aligeuka kutazama dirishani, kana kwamba gari liko nje.

"Watoto wana umri gani?"

"Froukje kumi na sita. Hiske tisa."

Hiske alikuwa na kumi na mmoja.

"Wamevaa nini?"

"Nguo za... za likizo."

"Mkeo anafananaje?"

"Mrefu. Wa kawaida. Nywele ndefu."

Jeltje alikuwa amezikata fupi tangu kabla ya Pasaka.

"Na wewe umekuja na chombo gani?"

Hapo Wiebren akafunguka kama bomba: aina, mwaka, ukubwa wa injini, namba ya usajili, namba ya chasisi kwa kichwa, upepo wa tairi la mbele na la nyuma. Polisi akaweka kalamu chini.

"Bwana mkubwa," akasema, "pikipiki haijapotea."

Hata hivyo alikuwa mtu mwema. Akapiga simu kwenye kambi za bonde lile, na katika kambi ya ziwani wakamwambia, ndiyo, wapo Waholanzi hapa, mama mmoja, wasichana wawili, na mwanamume mwenye plasta. Polisi akafunika simu kwa kiganja, akamtazama Wiebren kwa huruma ya mwanamume kwa mwanamume.

"Kuna mwanamume mwenye plasta. Unamfahamu?"

"Ah," akasema Wiebren. "Ni shemeji yangu. Nilimsahau."

Mpaka leo namwambia: shemeji, hata kwenye hesabu ya maiti hukunitia.

Alifika jua likiwa bado juu ya ziwa. Hakuteremsha hata ile stendi ya pembeni. Aliruka tu, na pikipiki ikajilaza kwenye maua ya mwenye kambi. Alitujia mbio, na kwa mara ya kwanza mwaka ule magoti yake yalikuwa karibu karibu kama ya mtu wa kawaida. Akamkumbatia Hiske, akamkumbatia Froukje, akanikumbatia mimi na plasta yangu. Alikuwa analia bila kujifuta.

"Nilidhani mmeanguka! Nimetazama kila korongo! Nilidhani mmekufa!"

Jeltje alikuwa ameketi kwenye kiti cha turubai akimenya viazi. Hakunyanyuka.

"Sisi?" akasema. "Sisi tungeangukaje? Mimi nilibaki nyumbani. Mimi ni wa aina ya waoga."

Niliona maneno hayo yakimwingia, moja moja, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu.

"Baba," akasema Hiske kwa upole, "kile kitufe unatakiwa ukishikilie."

Wiebren akaketi kwenye majani. "Mmesikia mpaka wapi?"

"Mpaka Baba Yetu," akasema Froukje. "Unajua nusu tu."

Akamtazama mkewe. Jeltje alikata jicho la kiazi kwa ncha ya kisu, akalirusha kwenye ndoo.

"Nilitaka kukuuliza," akasema. "Ile ya pili ndiyo uliyoamua? Ya kukimbilia?"

Akajifunika uso kwa mikono yake miwili, na glovu bado zimo.

Hawakuachana. Najua msomaji alianza kutumaini. Jeltje alimpa masharti hapo hapo, viazi vikichemka: siku zote zilizobaki atapika yeye, ataosha yeye, na kila asubuhi ataingia ziwani na wanawe, kwa maji yoyote yale. Alikubali kabla sentensi haijaisha. Alipika vibaya. Aliingia majini akipiga ukelele mmoja mwembamba ambao kambi nzima iliuzoea kama jogoo wa alfajiri. Siku moja alishindwa kujizuia, akaenda na kile kidole chake cha chuma kukagua mtelezo wa kambi. Kumbe alikuwa amesafiri nacho. Mwenye kambi alikuja mbio kumfukuza, hasa kwa vile hakuwa amesahau habari ya maua. Hiske akasema, "Baba, njia ya kuupima ni kuuteleza." Akapanda. Alikwama katikati, nyonga zimebana, na watoto wa mataifa manne wakampigia makofi hadi wanawe walipomvuta kwa miguu.

Majani yalipopukutika, usiku wa picha ukawadia. Jeltje hakuwa amealikwa kwa namna ya pekee, lakini alikuja na wasichana wakaketi safu ya mbele kabisa. Wiebren alisimama na kizibao chake cha mbwa mwitu. Alisema, "Wenzangu wa barabara, nilikuwa pe..." Akaiona safu ya mbele. Akaanza upya.

Akasimulia yaliyompata: mayai, kona, sala nusu, wazee wa kanisa, polisi na soseji zake, shemeji aliyesahauliwa. Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Muuza miwani ilibidi avue miwani. Daktari wa meno, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameonyesha picha mia mbili za Norway kwa watu waliosinzia, alikunja uso kwa wivu.

Ningeishia hapo ningekuwa nimemtendea Wiebren wema, lakini nimekaa naye mno. Kuanzia usiku ule alijua amepata dhahabu. Sasa hakuna sikukuu ya kuzaliwa, viti vimepangwa mduara sebuleni kama ilivyo desturi yetu, ambapo hasimulii, aombwe asiombwe. Ameongeza mvua ya mawe. Ameongeza tai akizunguka juu. Polisi wamekuwa wawili. Amekuwa mtu anayejigamba kwa unyenyekevu wake, na wake za watu humwambia Jeltje, "Una bahati, mumeo anajicheka mwenyewe."

Ila kuna kipande alichokuwa akikiruka kila mara. Mkeka haukuwamo. Katika hadithi yake, sisi tulikata kulia kwa sababu Jeltje alikosea njia.

Mpaka sikukuu ya kuzaliwa ya Froukje, alipotimiza kumi na minane. Wiebren alikuwa amefika njia panda, watu wameshaanza kucheka mapema, na dada yangu, kutoka upande wa pili wa mduara, kikombe kikiwa gotini, akasema bila kuinua sauti:

"Umeruka kipande."

Wiebren akawa mwekundu hadi kwenye masikio. Angeweza kufanya mzaha. Mzaha anao mwingi. Akatazama zulia. Kisha akasema yote, mstari wa kwanza na ule wa pili uliong'arishwa, na akasema pia kwamba aliurudia kutafuta pa kuweka nukta. Hakuna aliyecheka. Shangazi mmoja aliweka kikombe chake chini kana kwamba kimechemka upya. Wiebren akanyanyuka akaenda jikoni, mlango ukafungwa.

Baada ya muda Jeltje naye akaenda. Waliyosemezana siyajui, na Froukje aliyebandika sikio mlangoni anasema alisikia maji ya bomba tu. Walipotoka, yeye alibeba kahawa ya pili na Jeltje alibeba bati la biskuti. Kwetu mgeni huchukua biskuti moja na mfuniko hufungwa mbele ya macho yake. Jeltje aliliweka bati katikati ya meza, wazi, akaliacha hivyo. Watu hawakujua watazame wapi.

Mwaka huu wameenda Denmark. Plasta yangu ilishatoka zamani, nina nyumba yangu na hakuna aliyenihitaji kwa ramani, lakini nilipita kuwaaga. Pikipiki haijauzwa, masanduku yake sasa yamebeba viazi. Jeltje hutangulia na gari na karavani, Wiebren hufuata nyuma akimeza moshi. Nilisimama karibu na mzunguko wa njia ulio mwisho wa kijiji nikiwapungia. Dada yangu aliingia kwenye mzunguko ule, akaipita makusudi njia ya kutokea, akazunguka tena mara ya pili, taratibu, mkono wake ukining'inia nje ya dirisha. Wiebren naye akazunguka mara ya pili, nyuma yake, bila kupiga honi.